Kanzu ya Velimo

Mwinjuma wa Temeke alikuwa mtu wa kusikiliza. Ukipita na motokaa mbele ya kibaraza chake hakuangalia rangi wala taa. Alifumba macho, akainamisha kichwa, akakwambia ugonjwa wa chombo chako kabla hujasimama, na kama hukumuuliza alikwambia vilevile. Ndiyo maana kulikuwa na madereva waliozunguka njia nyingine makusudi, wasipite kwake wakaharibiwa siku.

Yeye mwenyewe alikuwa na Velimo. Aliipata kwa mzungu mmoja wa shamba la mkonge, huko Pugu, aliyekuwa akimwendesha. Bei ya mkonge ilipoanguka mzungu akafilisika, akapanda meli kurudi kwao, akamwachia dereva wake motokaa badala ya mishahara. Watu walicheka. Walisema Mwinjuma kalipwa jeneza la bati. Haya, waliocheka walikuwa hawajaisikia ikiwaka, na walipowashiwa hawakuisikia pia, na hapo ndipo walipofunga midomo.

Maana injini nyingine zote zina vali zinazogongagonga, ka-ka-ka, kama vidole vya mwanamke anayesubiri jibu. Velimo haikuwa na hizo. Ndani ya kila silinda mlikuwa na mrija mwembamba wa chuma wenye matundu ubavuni, na pistoni ilikuwa ndani ya mrija huo. Mrija unateleza juu na chini katika mafuta, tundu likikutana na tundu injini inavuta pumzi, likikutana na jingine inatoa. Hakuna kinachogonga kitu. Madereva wa Dari Salama waliuita mrija ule kanzu, kwa kuwa pistoni imeuvaa, na waliipenda kanzu hiyo kwa mapenzi ambayo wake zao hawakuyaelewa. Kasoro yake ilikuwa moja tu, kunywa mafuta. Kila ilikopita Velimo iliacha moshi wa samawati, na watoto wa Temeke waliujua moshi ule kuliko walivyomjua mwalimu wao.

Kila Ijumaa baada ya sala walikutana watatu uani kwa Mwinjuma. Wa pili alikuwa Hija, dereva wa teksi ya tajiri mmoja wa Kariakoo, nayo Velimo, mtu wa maneno mengi na ubishi usiokuwa na kichwa. Wa tatu alikuwa Apolinari, karani wa bandarini, mtu wa Bukoba, ambaye hakuwa na hata baiskeli lakini alipenda injini kama wengine wanavyopenda mpira. Walimwita muuza kahawa, wakaiwasha Velimo, wakapanga vikombe juu ya boneti, wakanywa wakiwa wamesimama. Kahawa haikutikisika. Shangazi Mwajabu, dada yake Mwinjuma aliyekuwa akiishi naye, alipita na ndoo yake akisonya. Alisema watu wazima hawa sala yao ya Ijumaa wanaisali mara mbili, ya pili wanamsalia chuma.

Lakini kwa Mwinjuma kimya kile hakikuwa mchezo. Mkewe, Mwanabaraka, alishikwa na homa mbaya Tunu akiwa bado anatambaa. Siku zile Mwinjuma alikuwa hana chombo, akaomba lori la mkonge limpeleke hospitali, akakaa nyuma juu ya magunia, kichwa cha mkewe mapajani. Katikati ya njia Mwanabaraka akafumbua macho, akasema neno. Lori likanguruma. Mwinjuma akainama, akamwuliza anasemaje. Akasema tena, na injini ikagonga tena juu ya maneno. Mara ya tatu hakusema, alitikisa kichwa tu, kama mtu anayesema basi, yaache. Akafumba macho, na hakuyafumbua. Neno lile Mwinjuma alilitafuta miaka yote na hakulipata, na siku Velimo ilipoingia mkononi mwake aliapa kwamba mwanawe atapelekwa kwa mume ndani ya chombo ambacho hata akinong'ona, babake atamsikia.

Na Tunu sasa alikuwa mwali. Alikuwa amewekwa ndani kwa desturi, hatoki nje, chini ya mikono ya shangazi yake, na ameposwa na Salumu, fundi cherehani wa Keko. Harusi ilikuwa mfungo mosi, Ramadhani ikisha. Chumba chake kilipakana na banda la motokaa, na kwa kuwa alikulia kwenye kiti cha mbele cha Velimo, aliizungumzia kama ndugu. Baba akiingia bandani, sauti ilitoka nyuma ya ukuta kuuliza kama mwenzake hajambo.

Ijumaa moja Apolinari alikuja, akakaa, hakugusa kahawa. Alikuwa na gazeti la motokaa alilolitoa kwenye kapu la taka la bwana wake. Akawafasiria polepole, kama anayesoma tanzia. Kiwanda cha Velimo kimeacha kanzu. Kuanzia mwaka ule injini zao zote zitakuwa za vali kama za watu wengine, kwa sababu kanzu ni ghali kutengeneza, inakunywa mafuta, na wanunuzi wa leo wanataka mbio.

Hija alisema ni uzushi wa washindani. Kisha akasema kama si uzushi basi wenye kiwanda wamerogwa. Kisha akasema watajuta, watarudi wenyewe, tutaonana. Mwinjuma alinyoosha mkono akaweka kiganja juu ya boneti iliyokuwa na joto, akauacha pale.

Walikwenda kwa wakala mjini, wote watatu, wamevaa vizuri kama waendao kuposa. Wakala alikuwa Mhindi mzee, mpole, aliwapa viti. Aliwaambia ghala lake halina kanzu hata moja na haitakuja nyingine. Apolinari akamwomba awaandikie wenye kiwanda kwamba huku kuna watu wanaipenda injini ile. Mzee akamtazama kwa huruma, akasema hao watu wako wangapi? Wakaangaliana. Akawaelekeza nje, wakaone lori jipya la Velimo, lililoshushwa melini juzi.

Dereva wa lori alikuwa kijana wa Songea, jina lake Adelard, mwenye adabu. Aliwapa shikamoo, akawawashia. Hija hakuweza kuvumilia, akamwita muuza kahawa aliyekuwa akipita, akapanga vikombe juu ya boneti. Vikombe vikatetemeka, vikasogea, vikagongana meno, kahawa ikamwagika ikatiririka hadi kwenye taa. Adelard akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wazee wangu," akasema, "mzigo ninaopakia mie haunywi kahawa."

Hija aliona ametukanwa. Mwinjuma alikuwa amefumba macho, kichwa ameinamisha, na walimngoja atoe ugonjwa wa lori lile ili angalau warudi na kitu cha kusema. Alifumbua macho. "Halina ugonjwa," akasema. "Ndivyo lilivyo."

Haukupita mwezi, teksi ya Hija ikavunjika kanzu kwenye mlima wa Pugu, imepakia abiria na mizigo yao. Tajiri hakulia. Aliiuza kwa wauza vyuma, wakaikata vipande, na Hija akahamia kuendesha lori la mchanga, lenye vali. Alikuja Ijumaa iliyofuata ana haya usoni, kama mtu aliyeoa mke wa pili bila kuaga. Basi ikabaki Velimo moja yenye kanzu Dari Salama nzima, na harusi bado.

Hofu ikamwingia Mwinjuma, na hofu ya mpenzi haina akili. Siku za mwanzo za Rajabu hakulala sawasawa. Kila akiwasha aliona kanzu inalika. Kila shimo la barabara aliliona kaburi. Asubuhi moja akamkuta dada yake anamsinga Tunu, anampaka mafuta na liwa, anamwambia mwali hapigwi jua, hachoshwi, analainishwa na kupumzishwa mpaka siku yake, ndipo akitoka ang'ae. Mwinjuma alisimama mlangoni, jicho likamtoka. Hapohapo akaamua. Na Velimo nayo itawekwa ndani.

Oili nzito ya kiwanda ilikuwa imekwisha na haiji tena, lakini yule mzungu wa Pugu alipata kumwambia kwamba hakuna mafuta yaliyopata kuzidi ya nyonyo kwa injini, hata ndege zimeyatumia. Kweli tupu. Akamwomba dada yake amkamulie nyonyo, safi, za kupikwa nyumbani, wala asiulize. Shangazi Mwajabu aliuliza sana, kisha akakamua. Mwinjuma akamwaga oili ya zamani, akajaza nyonyo, akaizungusha injini kidogo mafuta yaenee kila kona, akazima. Akaifunika kanga mbili za marehemu mkewe. Wanawake waliokuja kumtazama mwali wakapitisha na kule bandani chetezo cha udi, kwa utani, wakiimba kwamba mwenye nyumba hii ana wali wawili, mmoja ana magurudumu.

Hija alikuja kuomba iwashwe dakika moja tu, wasikie, roho zitulie. Mwinjuma akakataa katakata. Alimwambia mwali hatolewi nje kwa ajili ya wapita njia. Rajabu ikaisha, Shaabani ikaisha, watu wakafunga Ramadhani. Jua la kaskazi likachoma bati la banda tangu asubuhi hadi jioni. Kila alasiri Mwinjuma aliingia, akapangusa vumbi, na sauti ya Tunu ikatoka nyuma ya ukuta.

"Baba, mwenzangu hajambo?"

"Hajambo. Kalala."

Wallahi inauma kulisema hili. Mafuta ya nyonyo ni matamu kwa injini inayokwenda, hayana mfano. Lakini yaache yakae, miezi, ndani ya chuma, kwenye joto la pwani, yanaganda yakawa gundi. Kanzu zote zilikuwa zinagandama ndani ya silinda zao pole pole, kila siku kidogo, pale pale mbele yake. Mtu aliyeweza kusikia ugonjwa wa kila motokaa iliyopita barabarani hakusikia wa kwake, kwa sababu kitu kilichozimwa hakina sauti. Na aliyekizima ni yeye.

Asubuhi ya harusi, uani kumejaa masufuria na wapishi, Mwinjuma aliifunua Velimo, akasoma bismillahi, akatia hendeli. Haikuzunguka. Akasukuma tena kwa mwili wote. Ilikuwa kama hendeli imejengewa ukutani. Akatuma mtu mbio amwite Hija, na Apolinari, aliyekuja na zawadi ya harusi, akavua koti lake la ukarani akalitundika msumarini.

Walimwaga mafuta ya taa kupitia matundu ya plagi. Walichemsha maji jikoni kwa wapishi, wakayamwaga juu ya injini, wakangoja, wakayamwaga tena. Hija aliisemesha kwa upole, kisha akaitukana, kisha akaiomba radhi. Ilipokaribia adhuhuri, Hija na Apolinari waliing'ang'ania hendeli pamoja. Mwinjuma alikuwa ameweka sikio kwenye injini, na alikuwa anafungua mdomo kuwaambia waache. Ndani pakasema tak. Kidogo tu, kama kijiti cha kiberiti. Hendeli ikazunguka, nyepesi, haishiki kitu.

"Inazunguka!" akasema Hija.

"Kanzu imekatika," akasema Mwinjuma.

Akakaa chini, kwenye udongo uliolowa maji ya moto na mafuta, amevaa kanzu yake nyeupe ya harusi, akalia. Apolinari akageuza uso. Shangazi Mwajabu alikuja kuuliza kelele za nini, akaona, akaelewa yote kwa mara moja. Alitazama chetezo kilichokuwa bado kimewekwa kwenye kona, akasema la kuvunda halina ubani. Halafu akamshika nduguye mkono, akamwinua, akampangusa nguo kwa kanga yake kama alivyomfanyia walipokuwa wadogo.

Ndani, nyuma ya ukuta, Tunu aliuliza kama mwenzake hajambo. Ni shangazi aliyejibu kwamba hajambo, anaoga.

Wazo lilikuwa la Hija. Alisema motokaa hii watu wameizoea kutoisikia. Ikienda bila sauti, nani atashangaa? Ataipeleka kwa mikono, yeye na madereva wenzake, wanasukuma kutoka nyuma, na akina mama waimbe kwa nguvu, bibi harusi amefunikwa, haoni kitu. Lilikuwa wazo la kitoto, lakini hapakuwa na jingine, na Mwinjuma alilishika kama mtu anayezama. Shangazi alisema tangu lini baba akampeleka mwanawe kwa mume, aibu hii tu ilitosha, sasa mnaongeza na uongo. Lakini alikwenda kuwaambia wanawake waimbe.

Alasiri Tunu alitolewa. Alikuwa amefunikwa gubigubi, ananukia udi na asumini, anatembea polepole kama asiyezoea ardhi. Akapandishwa nyuma, shangazi pembeni yake. Mwinjuma akakaa kwenye usukani. Nyuma, madereva wa Temeke wakaweka mabega, Apolinari kati yao na shati lake la ukarani, na Velimo ikaondoka.

Na ikaenda, bwana. Njia ilikuwa ngumu pale mwanzoni, imeshindiliwa, inateremka kidogo. Wanawake waliimba pande zote mbili na vigelegele, na kila neno la wimbo lilisikika. Watu wa barazani walisimama. Wengine walionyeshana kwa vidole, wakaambiana sikieni, si mnaona, haisikiki! Hata moshi leo hakuna! Mwinjuma alishika usukani kwa mikono miwili, na kwa kipande kile cha njia ilikuwa kama alivyoapa. Hakuthubutu kugeuka nyuma. Alitega sikio, akangoja.

Kwenye bonde kabla ya Keko kulikuwa na mchanga. Magurudumu yakazama. Madereva wakasukuma mpaka mishipa ikawatoka shingoni, Hija akaanguka kifudifudi, wimbo ukalegea, ukabaki na sauti mbili tatu, ukanyamaza. Wanawake wakatazama nyuma ya motokaa na kuelewa, na wasioelewa wakaelezwa. Tunu hakutikisika. Walijaribu tena, na tena, na kila wakijaribu mchanga ulimeza zaidi.

Hapo ndipo honi ikasikika nyuma yao. Alikuwa Adelard na lile lori jipya la Velimo, anarudi tupu. Akashuka, akatoa shikamoo kwa wakubwa, akaona hali, na kwa sifa yake hakucheka. Alisema ana kamba. Hija akamtazama Mwinjuma. Jua lilikuwa linashuka, bwana harusi na watu wake wanangoja, chakula kinapoa Keko. Mwinjuma akatikisa kichwa kukubali.

Lori likawekwa mbele, kamba ikafungwa, Adelard akawasha. Ka-ka-ka-ka. Velimo ikang'oka mchangani, ikafuata nyuma ya lori kama mbuzi anayepelekwa sokoni, na kelele zile zikajaa njia yote, zikajaa ndani ya motokaa, zikajaa kifuani. Wanawake walianza wimbo tena. Midomo ilionekana ikifunguka tu.

Walipokuwa wanaiona nyumba ya Salumu, Mwinjuma alihisi mkono begani. Tunu alikuwa ameinama mbele, na kitambaa cha usoni kilikuwa kinacheza pale palipo mdomo. Alikuwa anasema neno.

"Unasemaje, mwanangu?" akapaza sauti.

Kitambaa kikacheza tena, safari hii kwa muda mrefu kidogo. Mwinjuma aliinamisha kichwa, akafumba macho, akatega sikio lile lililomfanya ajulikane Temeke nzima. Lilipata vali za lori, moja moja, zote nzima, hakuna iliyo na ugonjwa. Alipofumbua macho, Tunu alitikisa kichwa, akaondoa mkono begani, akaegemea nyuma. Mwinjuma alikijua kichwa kile kinavyotikiswa. Aliwahi kukiona juu ya magunia ya mkonge.

Alilipigia lori honi lisimame. Honi ya Velimo ilikuwa nzima, lakini Adelard hakuisikia. Wakafika. Wanawake wa Keko wakamzunguka bibi harusi, wakamteremsha, wakamwingiza ndani, mlango ukafungwa.

Fungate ilipokwisha Mwinjuma alikwenda Keko kwa miguu. Akapokewa vizuri, akapewa kiti na chai. Aliwasifia nyumba, akauliza habari za kazi, na Salumu alipotoka kwenda kuhudumia mteja, akamwuliza mwanawe, kwa sauti ya chini, alikuwa anasema nini siku ile njiani.

Tunu alitazama mikono yake, hina bado imekolea.

"Nimesahau, baba," akasema. "Yalikuwa ya njiani tu."

Hakuwa amesahau. Mwinjuma alilisikia hilo wazi, sikio lake halikuwa na kasoro. Chai ilikuwa imetulia kikombeni. Chumbani mle palikuwa kimya, cherehani ya Salumu ilikuwa bado haijaanza, mtu angeweza kusikia hata mnong'ono. Mwinjuma aliinamisha kichwa, akangoja, na Tunu akainuka kumwongezea sukari.